Saini za Wiki Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Chozi amelia kamera ilipowashwa tu. Mara moja! Machozi mawili, moja kila jicho, kama mswada unavyotaka. Mafundi taa wakapiga makofi. Mwongozaji akamnyanyua juu akasema huyu mtoto hana miaka tisa, ana arobaini.

Mimi nilikuwa mahali pangu, nyuma ya skrini ndogo, kitabu mapajani. Kazi yangu ni kuona kisicholingana. Kikombe kilikuwa mkono wa kulia, sasa kiko kushoto — naandika. Kifungo cha juu kilifungwa, sasa kiko wazi — naandika, napiga picha, nabandika. Mwaka wa kumi na moja huu. Ndiyo maana wananiita Mama Kitabu. Nyumbani wanasema siwezi kula mpaka nihakikishe kijiko kiko pale kilipokuwa jana. Waseme.

Chozi nalo ni jina la hapa kazini. Ni mtoto wa mdogo wangu, tumbo moja. Mimi ndiye niliyemleta kwenye usaili. Siku ya kwanza nilimwambia: hapa usiniite Mama mkubwa, watu watasema umepata nafasi kwa mgongo wangu. Niite kama wengine wanavyoniita. Akaitikia kwa kichwa. Mtoto msikivu.

Kabla ya kuondoka nikapita kwa meneja, tunayemwita Bi Saa kwa sababu salamu yake ni "saa ngapi sasa?" Nyuma ya mlango wake kuna karatasi ya walezi. Sheria inataka mtoto asitoke machoni pa mlezi wake hata dakika moja. Mama yake anafua mashuka hospitali, zamu ya asubuhi, kwa hiyo mlezi ni mimi. Nimesaini Jumatatu mpaka Ijumaa kwa mkupuo, kama kawaida. Nani ana muda wa kusaini kila siku?

Jumatano, 5 Machi

Mavazi yamebadilika. Sini ya sitini kwenye mswada ni ya msimu wa joto, kwa hiyo Chozi amevuliwa sweta akavishwa gauni lisilo na mikono. Akainua mkono kupunga — sini inasema apunge — na kwenye skrini nikaona. Ndani ya mkono wa kushoto, karibu na kwapa. Alama nne ndogo zilizopinda, za kucha. Mbili mpya, mbili zimeanza kuwa za njano.

Nikasimamisha kazi. Nikafungua kitabu. Sini ya hamsini na tisa, ambayo kwenye hadithi ni dakika tano kabla, tuliishuti wiki tatu nyuma akiwa na gauni hilihili. Mkono safi. Hazilingani. Nikaandika: *Poda. Mkono wa kushoto, ndani.*

Mpambaji akaja na sponji yake. Akautazama mkono, akanitazama mimi, akasubiri. Nikamwambia picha ya nyuma haina alama. Akapaka. Tukaendelea.

Wakati wa kumvua gauni nilimuuliza mtoto ni nini kile. Akasema henga ya nguo imemkwaruza. Nikasema pole.

Nimefika nyumbani, nimevua viatu, ndipo nikajiuliza. Henga gani ina kucha nne? Nimeona alama za kucha kwenye mkono wa mtoto wa mdogo wangu, nikaagiza poda. Nilikuwa nawaza gauni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepitia kitabu kuanzia mwanzo. Sini tisa za kulia. Kabla ya kila moja nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Chozi kwa Mwalimu, dakika ishirini." "Chozi kwa Mwalimu, dakika kumi na tano." Huyo ni mwalimu wa uigizaji. Humpeleka stoo ya mavazi kwa mazoezi, mlango unafungwa, baadaye wanatoka, mtoto analia. Na sisi tunasema bwana huyu ana mkono wa baraka.

Dakika hizo mimi nilikuwa wapi? Nimeandika pia. "Skrini." "Skrini." "Chai."

Karatasi ya walezi inasema nilikuwa naye.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa mdogo wangu. Mtoto alikuwa sakafuni anakata picha kwenye magazeti. Mama yake akamtuma akalete shuka kabatini. Akaenda mpaka mlango wa chumba, akasimama. Akatumwa tena. Akasema tumbo linamuuma. Mdogo wangu akacheka, akasema umaarufu umempanda kichwani, siku hizi hatumiki. Na choo hafungi mlango, mtoto mkubwa hivi!

Sikucheka. Nikamvuta mama mtu jikoni nikamwambia: alama, stoo, Mwalimu. Nilisema vibaya, kwa kurukaruka, naanzia katikati narudi mwanzo. Alinisikiliza huku anafuta meza iliyokuwa safi tayari.

Kisha akauliza swali moja. "Dada, si wewe uko naye pale?"

Nikasema niko naye.

"Muda wote?"

Akajijibu mwenyewe. "Mimi nalala usingizi kwa sababu yako. Kungekuwa na jambo ungeliona. Wewe hata kijiko kikihama unaona."

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Nikala chakula chake, nikashukuru, nikaondoka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesaini siku ya leo tu. Bi Saa ameona.

Mchana nilimchukua mtoto nyuma ya ukuta wa sebule. Nyumba yetu ya kuigizia ina kuta tatu tu, na nyuma yake ni mbao tupu na misumari. Nikakaa chini, macho yetu yakawa sawa. Nikamuuliza Mwalimu hufanya nini huko stoo. Akanijibu bila kusita, kama anayesoma mswada.

"Ananiingiza kwenye kabati la makoti. Anafunga. Nikichelewa kulia anafungua, ananifinya, anafunga tena. Nikishalia natoka. Siku hizi sichelewi."

Siku hizi sichelewi. Amesema kwa fahari kidogo, kama mtoto aliyejifunza kufunga kamba za viatu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniita.

"Ulisema nisikuite Mama mkubwa. Nikaita Mama Kitabu. Ila kimoyomoyo."

Nimeandika maneno hayo hapa ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba sikuyasikia.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bi Saa. Mwalimu mwenyewe alikuwepo, anakunywa chai. Hakukana! Alisema ni mbinu, hata yeye alifundishwa hivyo utotoni na hajafa, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama yetu alikuwa akiisema methali hiyo akitunywesha dawa chungu, huku ametushika. Leo nimeisikia kwa mtu anayefungia mtoto kabatini, na imemtoka vilevile, laini.

Bi Saa akanyanyuka akafunga mlango, ile karatasi ikatokea mbele yetu sote. Wiki kumi na nne. Akaniuliza taratibu hizi saini ni za nani. Akasema mambo haya yakitoka nje, wa kwanza kuulizwa si Mwalimu. Halafu akaongeza kwamba kuanzia leo kitabu kilale ofisini, ni mali ya kampuni.

Nikasema sawa, kesho nitakiacha. Kiko chini ya mto wangu.

Jumanne, 11 Machi

Leo niliingia stoo pamoja nao. Nikakaa juu ya kreti, mgongo nimeuegemeza kwenye kabati la makoti. Mwalimu akanitania kwamba Mama Kitabu naye anataka nafasi ya kuigiza. Akafundisha kupumua, vuta ndani, toa nje, mtu mpole kabisa. Dakika ishirini. Mtoto hakulia.

Mbele ya kamera pia hakulia. Mara ya kwanza, ya nne, ya tisa. Watu thelathini wamesimama wanamkodolea macho mtoto asiyelia. Mwongozaji akavua kofia, akavaa, akavua. Mpambaji akasema kuna matone ya macho, watu wazima tunawawekea kila siku. Mwongozaji akakataa, eti machozi ya chupa yanajulikana.

Chozi akanijia mwenyewe, akaninong'oneza sikioni. Kwamba akiingia kabatini kidogo tu, tutamaliza, na mimi sitagombezwa. Nikamwambia hapana, na sini ikaahirishwa.

Ananihurumia. Yeye mimi!

Jumatano, 12 Machi

Kuna fomu mpya nyuma ya mlango. Mlezi wa mtoto: Mwalimu. Chini yake saini ya mama. Naujua mwandiko wa mdogo wangu, nilimfundisha mimi kuandika.

Nimempigia mara tano. Ya sita akapokea. Kumbe Bi Saa alimpigia jana, akamwambia dada yako amechoka, tumpunguzie mzigo. Akapita kusaini baada ya zamu. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kuongea na wagonjwa. Pumzika dada, si ulisema mwenyewe yamekuzidi? Sikusema hivyo popote. Nikamsimulia aliyoniambia mtoto, neno kwa neno. Kabati. Kufinywa. Sichelewi.

Nilisikia mashine zao za kufulia zinazunguka.

Akasema, "Sasa kwa nini ulikuwa unasaini?" Akakata.

Kila mtu ana swali hilohilo. Na mimi ninalo.

Alhamisi, 13 Machi

Sikwenda kazini. Niliangalia ratiba kwanza: leo hakuna sini ya kulia. Kesho zipo mbili.

Ofisi ya ustawi wa jamii. Benchi la mbao, masaa matatu. Kila mtu aliyeingia alitoka kwa mwendo mdogo kuliko aliokuja nao. Nilisimama mara mbili kuondoka. Mara ya pili nilifika hadi getini. Nikawaza kwamba ningeweza kukichoma kitabu, nikaacha kazi, nikamchukua mtoto kwa maneno matamu, na mambo yakaisha ndani ya familia. Halafu nikawaza kabati litabaki palepale, na makoti yake, linamsubiri mtoto mwingine. Nikarudi kwenye benchi. Nafasi yangu ilikuwa imeshakaliwa, nikasimama.

Afisa ni mama wa makamo, miwani yake imeungwa kwa gundi pembeni. Nikaweka kitabu mezani. Nikamwonyesha picha, tarehe, dakika, ile amri yangu ya poda. Alifunua kurasa polepole, bila pole nyingi, na nilimshukuru kwa hilo. Akauliza siku hizo mlezi alikuwa nani. Nikasema mimi. Akauliza kitabu kinasema mlezi alikuwa wapi.

Nikamfungulia ukurasa mwenyewe. Skrini. Skrini. Chai.

Anaandika kwa kalamu nyekundu. Jina langu ameliandika kabla ya la Mwalimu.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kwa penseli, nimekaa sakafuni kwenye korido, ghorofa ya juu.

Afisa alifika saa nne asubuhi, kabla ya sini ya kwanza. Kazi yote imesimama. Bi Saa hajamuuliza mtu saa ngapi. Mwalimu ameketi nje juu ya boksi la taa, anachezea funguo za stoo. Hakuna anayemsogelea, na mimi hakuna anayenisogelea.

Tuliingia ofisini watatu: afisa, mtoto, mimi. Karatasi za walezi na kitabu vikawekwa mezani, ubavu kwa ubavu. Mtoto alikaa kwenye kiti kikubwa, miguu haifiki chini. Afisa akamwambia leo hakuna jibu la makosa, aeleze tu huwa kunatokea nini kule stoo ya mavazi.

Mtoto hakumwangalia. Aliniangalia mimi, vile anavyomwangalia mwongozaji kabla ya kuanza.

"Mama mkubwa, hapa nalia?"

Afisa akaweka kalamu chini. Nikasema hapana, mwanangu, hapa unasema tu. Ndipo afisa akaniomba nitoke, maana na mimi nimo kwenye karatasi, haifai nimsikilize akitoa maelezo. Nilimwambia mtoto niko hapa nje na mlango haufungwi. Afisa aliuacha wazi kiasi cha kiganja.

Kupitia uwazi huo naona kiatu chake kimoja. Ni cha sini ya sitini na nne. Kamba imefungwa upande usio wake. Siendi kuirekebisha.

Anaongea. Sisikii maneno, nasikia sauti tu, ndogo, ya kawaida, inaenda inasimama inaenda. Halii.

Chini kuna mtu anaelekezwa: juu, mkono wa kulia. Sasa viatu vya mpira kwenye ngazi, vile vya kufulia, vinavyolia kwenye vigae vikiwa na maji. Mdogo wangu. Ametoka katikati ya zamu. Sijui anakuja kumchukua mtoto, au anakuja kwangu. Anapanda mbili mbili. Nimesogea ukutani nimwachie njia. Kiatu bado nakiona.