Taa Aliyoiinua Zaina

Kindu, kwenye site, Alhamisi baada ya magaribi

Kwako Yaya Mwamini, dada yangu mukubwa, wewe uliyenibeba mugongoni kabla sijajua kutembea,

Nakusalimu sana, mimi mudogo wako Ramazani. Habari za Tunda? Kile kiuno kilichokusumbua kiangazi chote kimetulia? Mama anakula vizuri? Na muhogo wa ng'ambo ya kijito, nguruwe wa pori wamewaachia kitu mwaka huu ao wamekula wao kwanza? Sisi hapa tungali wazima. Nasema tungali, siongezi. Tumbo la mke wangu Zaina limeshuka, anatembea ameshika kiuno, na mutoto anapiga teke usiku na mchana. Wewe mukunga, utajua maana yake kuliko mimi.

Shemeji, wewe unayemusomea Yaya barua hii, soma polepole, na ukifika pale nitakapotaja elikopta, watoe watoto nje. Mama mwambieni nimetuma salamu, basi. Najua huko nyumbani munasema mudomo wa Ramazani hauna kifuniko. Leo ningefurahi sana kama ingekuwa ni mudomo tu.

Kazi yangu njo ileile: shofere wa patro, muzungu mwenye magazini, duka la nguo, huko mujini kwa wazungu, karibu na kituo cha gari la moshi. Patro ni muntu wa makelele, lakini hana ubaya. Madamu wake ni mupole kabisa. Anamuita Zaina kwa jina lake na kumuuliza habari za tumbo, jambo ambalo sijaona kwa wazungu wengine.

Sasa, watoto wametoka? Haya. Mwezi uliopita ilifika hapa elikopta. Hujaiona wewe, ni ndege isiyo na mabawa. Juu ya kichwa iko na mapanga marefu yanayozunguka, inapanda wima, na ikitaka inasimama hewani pahali pamoja. Walisema imekuja kumwaga dawa ya mbu kwenye madimbwi ya kando ya mto Lualaba. Mchana watoto wa site, huku kwetu watu weusi, waliikimbilia wakiimba, na hata wazee waliizoea. Mchana ni mchana.

Basi ikafika sikukuu ya kuzaliwa kwa Madamu. Patro alikunywa na yule muzungu anayeiendesha, wakapatana: jua likizama ampandishe Madamu juu, aone muji na taa zake. Ilikuwa ni siri, juu ya ile mashine hairuhusiwi kuruka giza likiingia. Na mimi je? Ilibaki nafasi moja nyuma, na Madamu akasema, «Ramazani aje atuambie huko chini kuna nini. Sisi tunajua barabara ya kwetu tu.» Aa, Yaya! Moyo wangu uliruka mbele ya mashine. Mimi, mutoto wa Tunda, nitaangalia Kindu toka juu kama mwewe! Patro alinishika bega: «Ramazani, funga kinywa. Hata muntu mumoja asijue.»

Nilifunga. Barabara yetu yote sikumwambia muntu. Lakini mke wa muntu ni muntu? Zaina nilimwambia, nikamwambia na hili: «Ukisikia ile mashine, toka nje katika lupango, ua wetu, na taa, uiinue juu. Nataka niijue nyumba yetu toka hewani.» Alicheka mpaka akashika tumbo. «Na wewe utaniona kweli?» Nikasema nitamuona hata akijificha.

Tulipanda giza lilipokuwa changa. Nisikudanganye, nilisoma kila dua ninayoijua na zingine nilizitunga mwenyewe. Kisha nikafungua macho. Muji wa wazungu ulikuwa unameta, taa zimepangwa kando ya barabara, gari la moshi linafuka moshi mweupe, na Lualaba iko nyeusi katikati, pana, haina mwisho. Madamu alipiga makofi. Tulipogeukia site mimi nikawa mukubwa wa safari. Nilinyoosha kidole: pale musikiti, pale soko, pale shule ya mapadri, pale kwa Alibeti fundi wa viti, jirani yangu. Taa za petroli zilikuwa nyingi, ndogondogo, nyekundu. Nilikuwa sijawahi kufikiri kama site yetu ni nzuri namna ile.

Halafu zikaanza kuzimika.

Kwanza nilizani ni macho yangu. Moja hapa, mbili pale, barabara nzima kwa pamoja. Kila tulipokwenda giza lilitutangulia. Moto wa wauza samaki ulimwagiwa maji, nikauona moshi wake. Madamu akauliza, «Kwa nini wanazima? Wanalala mapema hivi?» Patro akajibu, «Wanatunza petroli.» Mimi nilijua si petroli. Jasho lilikuwa linanitoka na kule juu ni baridi.

Yaya, neno mutumbula unalijua. Kwetu Tunda ni neno la kutishia watoto wasiotaka kulala. Hapa Kindu si la watoto. Wanasema kuna watu weusi kama sisi wanaopewa kazi na wazungu ya kukamata wenzao. Wanakuja na taa kali, na ikikupiga sauti inakufa kooni. Wanakulisha chumvi mpaka unanenepa, akili inakutoka, na mwisho wake ni ndani ya kopo, unauzwa magazini. Ndiyo maana site iko na sheria ambayo haikuandikwa na muntu: ukiona taa ya kigeni inatembea gizani, zima yako. Wote wanazima. Anayeacha taa yake ikiwaka njo anayemuita mutumbula aje.

Sheria hiyo naijua miaka yote. Zaina nilimutoa Tunda mwaka jana tu. Nani angemwambia? Mimi. Na mimi furaha ilikuwa imenifunga akili.

Basi site nzima ilikuwa giza, na ndani ya giza lile taa moja, imeinuliwa juu, inapunga.

«Oh, angalieni! Ni nani yule?» Madamu alisema. Mudomo huu, Yaya, mudomo huu! Nikasema, «Njo mke wangu, Madamu.» Alifurahi kama amepewa zawadi. «Tuteremke, tumusalimie!» Tukateremka. Yule muzungu akawasha taa kubwa ya tumboni mwa mashine, mwanga ukaanguka juu ya Zaina. Kitenge chake kilipepea, tumbo mbele, mukono juu, anacheka. Madamu akampungia leso, naye akapunga. Kando ya mwanga, nyuma ya mabua ya lupango, niliona macho ya watu. Hawakusogea. Nilipiga kelele, «Twende, twende sasa!» lakini mapanga yalikula sauti yangu.

Jioni ileile Alibeti alikuwa amevuka kwenda ng'ambo ya mto kunywa pombe. Hakurudi, wala kesho yake, wala mpaka leo ninapoandika. Mimi nafikiri amekwenda Kalima kutafuta kazi ya mutoni, ya kuchimba mawe ya bati, juu siku zote alikuwa analalamika kama amechoka na viti. Ao maji yamemubeba, Mungu amurehemu. Lakini hakuna anayeniuliza mimi nafikiri nini.

Sasa sikia lililofuata, na ushike moyo. Madamu alitaka kumushukuru Zaina juu ya ile taa. Alimutuma mupishi wake alete nyumbani katoni moja, imefungwa utepe. Mimi sikuwapo, nilikuwa barabarani na patro. Ndani mulikuwa na nini? Nyama ya kopo.

Zaina hakula. Wewe njo ulimulea, unajua: nyama tusiyojua aliyeichinja hatuli. Akafikiri, Mama Veronika, mke wa Alibeti, analia tangu juzi na jiko lake limezimika. Yeye ni Mukristo, anakula. Basi ile katoni akaitia kichwani, na tumbo lake lile, akavuka lupango mbele ya macho ya barabara nzima.

Mama Veronika alimuuliza, «Hii imetoka wapi?»

«Kwa wazungu, mama. Wamenipa juu ya ile taa.»

«Na wewe huli?»

«Sisi hatuli nyama ya namna hii. Hii ni ya ninyi. Chukua, usilie na njaa.»

Yaya, maneno yale yote ni ya wema. Yapime moja moja, hutapata hata moja baya. Mama Veronika aliangalia kopo. Akaangalia mulango wa nyumba yake. Kisha alianguka chini na kopo kifuani, analikumbatia, analiita kwa jina la mume wake.

Kesho yake waliyazika yale makopo. Wallahi sisemi uongo, walichimba kaburi, wakaimba nyimbo zao, na watu wa kwetu wa musikiti pia walisimama pale, vichwa chini. Mimi niliona nikiwa nyuma ya mulango wangu.

Tangu siku ile Zaina akifika kwenye bomba la maji, wanawake wanaondoka na ndoo zao bila kujaza. Mukunga wa hapa, aliyekuwa anamupima kila juma, amesema mikono inamuuma. Mbele ya nyumba yetu hakuna mutoto anayepita, wanazunguka nyuma. Hakuna aliyetutukana. Ningependa watutukane.

Nilisema, hapana, nitawaeleza ukweli, ukweli utatuokoa. Nikaenda kwa mukubwa wa barabara, wazee wamekaa. Nikasema, «Wazee wangu, ile haikuwa mutumbula. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani.»

Muzee mumoja alivuta kiti chake nyuma. Mukubwa akauliza kwa sauti ya chini, «Ulikuwa ndani?»

«Ndiyo, baba.»

«Ukifanya nini?»

«Nilikuwa namuonyesha Madamu nyumba.»

«Nyumba za nani?»

Yaya, nilifungua kinywa, nikakumbuka kidole changu. Pale kwa Alibeti. Nikakificha kidole hicho nyuma ya mugongo. Mukubwa akasema, «Rudi kwako, mwanangu. Kwa sasa rudi kwako.» Yale maneno «kwa sasa» yananikosesha usingizi.

Patro nilimueleza, alicheka mpaka machozi. Kisha akakasirika juu nimetoa siri. Sasa yeye na Madamu wamepanda boti ya Stanleyville, na elikopta nayo imekwenda ilikotoka. Polisi? Wakija watapiga watu, watafunga wengine, kisha watarudi makwao, na mimi nitabaki na majirani waliopigwa juu yangu. Ninaogopa, Yaya. Nimelisema. Si kwa ngozi yangu, ni kwa Zaina, naye saa yake imekaribia na hana mwanamuke wa kumushika mukono.

Kwa hiyo nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba mukate nikiwa mudogo. Asubuhi nitampandisha gari la moshi mpaka Kibombo. Pale atakodi baiskeli ao kipoyi cha kubebwa na watu mpaka kwenu, asitembee, pesa nimemufungia. Umuzalishe wewe kwa mikono yako. Akikuambia yeye njo amekosa, umukatalie. Analia na kuniuliza kila saa, «Nilisema neno gani baya?» Akizaa mutoto muke, aitwe jina lako. Mimi nitabaki kutafuta habari za Alibeti huko Kalima. Akirudi na miguu yake, tumepona.

Musalimie Mama bila kumutisha. Salimia mujomba fundi cherehani, na mwalimu wetu wa chuoni aliyenipiga nikajua kuandika, na wifi yako wa ng'ambo ya kijito, na bibi yetu asiyesikia, mumupigie kelele kwamba Ramazani angali anamupenda. Mungu awe kati yenu na kila ubaya, na ikimupendeza atuwekee na sisi mulango mumoja wazi.

Mimi mudogo wako wa damu,
Ramazani

Yaya, nimeifungua tena karatasi. Zaina alikuwa anaishona ndani ya pindo la kitenge chake, nimemuambia angoje. Tulikuwa tumezima taa yetu mapema, kama tunavyofanya sasa, na site yote ilikuwa giza, hata sauti ya mbwa hakuna. Sasa hivi kwa Mama Veronika imewaka taa moja. Wameitoa nje. Upande wa pili imewaka nyingine, na kwa mukubwa wa barabara, na nyuma, kwenye njia ya bomba. Zote wameziinua juu, kama Zaina alivyoinua yake. Zinasogea huku kwetu polepole. Naandika kwa mwanga wao unaopita kwenye mabua.

Hatungoji asubuhi. Nyuma ya choo mabua yameoza, nitayavunja tupite hapo. Shemeji, haya musomee mara mbili: kama barua hii amekupa Zaina, mupokee, mupe maji ya moto, usimuulize kitu. Kama ameileta muntu mwingine na Zaina hayupo, amuonyeshe Yaya pindo la kitenge. Ile mishono Yaya ataijua ni ya Zaina, njo aliyomufunza yeye mwenyewe.