Usilifue Sweta la Kijani

Dada, kwa heshima na taadhima,

Narudi shuleni, sikutaka kukuamsha. Uji uko jikoni. Mwambie shemeji nepi zianikwe nje, si juu ya kitanda changu.

Sasa kesi ya asubuhi. Ulitoka kuoga, ukambeba mwanao, akalia kama kengele ya bweni. Nikampokea, akanyamaza. Ukasema, "Hata wewe mtundu, mtoto anakupenda kuliko mimi mama yake!" Ukaenda kulala na machozi. Mimi ~~nilivimba kichwa~~ nilihuzunika.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimevaa sweta lako la kijani, lile unalolala nalo tangu ujifungue. Nilitaka kumwigizia shemeji mwendo wako mpya, ule wa bata mwenye mawazo. Ulipolala nikalivua. Mtoto akapaza sauti. Nikalivaa, kimya. Tukamvisha shemeji, kimya vilevile, na shemeji tunajua hana mvuto wowote.

Kumbe mtoto anatafuta harufu yako, nawe umeifunika kwa ile sabuni ya marashi uliyoletewa na wageni. Alikuwa anakulilia wewe, dada, hata akiwa mikononi mwako.

Sabuni usiitafute. Nimeondoka nayo, bweni letu linaihitaji zaidi.

Wako mtiifu,
Mjomba (cheo kipya, bado nakizoea)