Mashavu ya Kabula

Jumatano, baada ya chakula

Ugali umenishinda. Nimekula matonge mawili nikafunika sahani.

Wiki iliyopita nilimsimamisha Kabula mbele ya darasa la pili, nikataka wenzake wampigie makofi. "Mwoneni alivyonenepa! Na ninyi mle kama yeye." Alicheka akaficha uso kwa viganja. Mashavu yalikuwa yamejaa kweli.

Leo nesi wa zahanati amekuja shuleni kuwapima watoto. Alipofika kwa Kabula, aliinama akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo lilibaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Mwalimu, huyu hajanenepa. Amevimba. Kwao anakula nini?"

Kabula alijibu mwenyewe: "Michembe na chai ya rangi." Viazi vikavu, asubuhi na jioni! Na zizi la baba yake limejaa ng'ombe. Kila asubuhi madumu ya maziwa yananipita njiani kwenye pikipiki, yanakwenda Kahama kuuzwa. Sijawahi kujiuliza watoto wanabakiziwa nini.

Somo la lishe nalifundisha kila mwaka. Ubaoni nachora yai, samaki, maharage, halafu mtoto aliyevimba namwita...

Mama Kabula alikuja kumchukua ampeleke hospitali. Hakulia wala hakunilaumu. Alimfunga mgongoni kama mtoto mchanga, kisha akasema taratibu:

"Mwalimu, nilikuwa nimepanga kumpeleka zahanati wiki iliyopita. Akarudi nyumbani anafurahi, kasema umemsifu. Nikaacha."