Aliyechelewesha Nsimba

Jumatatu, 3 Juni
Tumevuna ulezi wa shamba la kijiji. Baridi kali. Jioni darasa la ngumbaru kama kawaida. Mwalimu akasoma gazeti la vijijini mbele ya wote: nimeshinda tuzo ya uhakiki wa ngoma. Wa kwanza! Wenye madarasa yao nimewaacha nyuma, mimi niliyeijua "a" mwaka juzi. Niliandika ukweli: siku ya wageni ngoma yetu ya nsimba ilipwaya, mpiga chungu, anayetupa mwendo, alisugua kigoda juu ya chungu kama anasinzia. Mchezaji wa mbele alicheza vizuri sana. Huyo ni mimi. Majina sikuandika.

Jumanne, 4 Juni
Majina ya nini? Kijiji kizima kinamjua anayesugua kigoda juu ya chungu. Mke wangu, Mama Severini. Hasemi nami. Ananiwekea ugali, anageuka.

Alhamisi, 6 Juni
Afisa Utamaduni analeta tuzo Jumapili kutoka Sumbawanga. Anataka nsimba ichezwe. Mama Severini kagoma. Bila chungu hakuna nsimba, ni watu wanarukaruka tu. Mwenyekiti anasema nimwombe radhi mke wangu. Siombi. Ukweli hauombewi radhi. Nyumba imenuna. Inaniuma. Siombi.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji Veronika, mdogo wake Mama Severini, kanikuta shambani.
"Mshindi wetu, shikamoo! Hivi hukujua chungu kilikuwa kinakungoja wewe? Magoti yamekwisha, Shemeji. Dada angekaza mwendo, ungeanguka mbele ya wageni."
Nikamwita mwongo. Nikaenda nyuma ya ghala, nikacheza peke yangu kwa mwendo wetu wa zamani.
Si mwongo.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa, watu tele. Nimepewa cheti na redio. Nikasema: chungu hakina kosa, goti langu ndilo lililochelewa, mke wangu alinisitiri nami nikamwanika gazetini. Nikarudisha cheti. Redio nayo, kwa shida. Mama Severini akainuka, akaweka chungu chini, akashika kigoda. Mimi nikakaa. Chungu kiliunguruma mpaka kifuani. Miaka yote naicheza nsimba, sikuwahi kuisikiliza.

Jumatatu, 10 Juni
Nimewaandikia gazeti upya: goti la kushoto la mchezaji wa mbele ndilo lililochelewesha nsimba. Nikamsomea jikoni. Alikuwa anapepeta ulezi, hakuinua kichwa.
"Magoti yote mawili," akasema.
Nimeandika yote mawili.