Pale Chiriku Alipokuwa Akikwama

Jumamosi, 4 Machi

Nimetoka kwenye onyesho kabla halijaisha. Aibu gani hii! Mwanamke mzima, mwalimu wa hesabu, nakurupuka kitini na kukanyaga watu miguu kama mwizi aliyeshtukiwa.

Tiketi alinipa Upinde, mwalimu wangu wa fidla. (Jina hilo alibandikwa na mwanangu Chiriku, kwa sababu ya mgongo wake uliopinda. Likamganda.) Akasema nenda ukakisikie kile kipande chetu kikipigwa na mtu anayekijua. Haya, nikaenda. Gauni nimelipiga pasi, viatu vinanibana.

Mpiga fidla kijana, shati jeusi. Alianza vizuri — taratibu, kama alivyokuwa akianza Chiriku. Nikafumba macho. Muziki ukapanda, ukapanda, ukafika pale. Nikashika kiti nikangoja akwame.

Hakukwama! Alipita tu, laini, kana kwamba pale hapana kitu. Na mimi, mbele za watu: "Aka!" Kwa sauti. Dada mmoja akageuka, akanipandisha na kunishusha kwa macho. Yalipoanza yale ya mbele, ambayo sijawahi kuyasikia maishani mwangu, nikanyanyuka nikaondoka zangu.

Mwanangu hakuwahi kupita pale. Miezi yake yote ya mwisho, nyuma ya ukuta wa sebule: anapanda, kidole kinatua chini kidogo ya noti, anasema "Aka!", anaanza upya. Tukamzika kipande hakijaisha. Ule mwisho wake hapa nyumbani haujulikani.

Mzee, baba yake Chiriku, ameniuliza wamepigaje. Nimemwambia wamekosea.

Jumanne, 7 Machi

Somo. Upinde alinisimamisha pale pale. Rudia, mwalimu. (Tunaitana mwalimu, yeye na mimi. Heshima si utumwa.) Nikarudia. Akaomba tena. Halafu akavuta kigoda akaketi, rangi imemtoka.

Anasema mwanafunzi mpya akiipandia noti ya juu hutapatapa. Leo huipitiliza, kesho haifikii. Kila siku kosa jipya. Mimi kosa langu ni moja, halibadiliki, chini kwa unywele tu. Na hilo kosa yeye analijua, alipambana nalo na msichana mmoja mpaka akanyoosha mikono. Alimwambia pita, utarekebisha baadaye. Msichana akakataa. Mkaidi! Sikumuuliza ukaidi ule alirithi kwa nani.

Kumbe! Mimi nilidhani ni vidole vyangu vya uzeeni tu. Kumbe ukutani nilikuwa najifunza na kosa lenyewe. Limo humu, mkononi mwangu, zima.

Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimetabasamu njia nzima.

Alhamisi, 9 Machi

Mwenzangu wa jiografia ameona sugu za vidole vyangu. "Samaki mkunje angali mbichi, shoga." Nimemwambia mimi nilishakaushwa na bado nakunjwa. Ofisi nzima ikacheka.

Kusahihisha madaftari. Mtoto mmoja kakosea hesabu zote kwa njia ile ile, kurasa mbili. Kalamu nyekundu ikanisimamia hewani. Nimemwachia hivyo hivyo — mwalimu gani mimi!

Alasiri, naanika nguo uani, nikaisikia. Fidla. Chumbani kwa Chiriku. Ikapanda mpaka pale, ikakatika. Nikaingia mbio na kibanio mdomoni. Sanduku limefungwa, liko kitandani. Nikafungua, nikagusa nyuzi. Baridi.

Ilipokuwa ikilia sikuogopa. Niliogopa iliponyamaza.

Jumapili, 12 Machi

Tumegombana, Mzee na mimi. Hatujagombana hivi tangu msiba.

Yeye ni fundi wa friji. Nikitoa fidla tu, huyo, uani, hata kama hakuna friji ya kutengeneza. Chumbani kwa mtoto hajatia mguu tangu siku ile. Leo nilipofika pale na kukwama, akaja mpaka kwenye korido, spana mkononi.

"Unamtesa," anasema.

"Namtesa nani?"

"Unamjua. Kila siku unamrudisha, kila siku unamfanya akosee. Mpishe mtoto apite, Mama Chiriku! Apite apumzike!"

Nikamwambia nikipita, yeye atabaki wapi? Sura yake iko kwenye picha, nguo tumegawa, sauti hatukuirekodi. Kilichobaki kikiwa hai ni hicho kikwazo. Unataka nikifute kwa mkono wangu?

Akasema wewe una kikwazo chako, mimi sina hata hicho. Akarudi uani. Chakula kimepoa mezani, hakuna aliyekigusa.

Jumanne, 14 Machi

Upinde kaniweka kwenye onyesho la wanafunzi wake, Jumapili ya tarehe 26. Kipande kizima. Nikamwambia nitapiga mpaka pale, basi. Akacheka. Alipoona sicheki, akaacha.

Eti watu hawaji kusikia nusu ya kitu. Halafu akanisimulia habari za mtunzi. Naye alizika watoto, tena si mmoja, na kipande hiki alikiandika baadaye. Ile noti ya juu aliiandika makusudi ili mkono ulazimike kuondoka ulipozoea.

Basi yeye ni shujaa. Mimi sijaomba ushujaa.

Kanifundisha na mbinu: iimbe noti moyoni kwanza, ndipo mkono uende. Usikitazame kidole. Sitaimba.

Jumamosi, 18 Machi

Nimejaribu mbinu ya Upinde. Mara moja tu! Nikaimba moyoni, mkono ukaondoka, nikauachia upinde kabla kidole hakijatua. Jasho. Nikapiga upesi upesi kwa njia yetu ya kawaida — chini kidogo, "Aka!" — nikatulia.

Bado upo, mama. Bado upo.

Jumamosi, 25 Machi

Kesho ndiyo onyesho, na sijamwambia Upinde kama naenda.

Nilikaa chumbani kwa Chiriku nikapiga, dirisha wazi. Mawingu yametanda, nguo ziko kambani, nikawa nawaza: huyu Mzee huko uani ataziona hizi nguo, au mpaka apigiwe ngoma? Matone yakaanza. Nawaza shuka zangu nyeupe, na kidole kikaenda. Kikatua.

Juu. Safi. Wala si chini kwa unywele.

Na upinde wa fidla ukaendelea wenyewe, noti mbili tatu za kule mbele. Nikaukamata. Nyumba nzima kimya, mvua tu.

Mzee akatokea mlangoni na nguo zote begani, zimelowa. Nikajua atafurahi. Si ndicho alichokuwa akikitaka?

"Umepita," akasema.

"Nimepita."

Akavuka kizingiti. Mara ya kwanza tangu msiba. "Rudi," anasema. "Rudi nyuma. Piga alivyokuwa akipiga yeye."

Wewe si ulisema apite?

"Nilisema. Sikujua kutakuwa kutupu hivi. Mara moja tu, Mama Chiriku, nami niko humu ndani."

Nimejaribu. Kidole kinakwenda juu, kinatua mahali pake. Nikakitazama, nikafumba macho, nikawaza shuka, nikawaza hesabu. Kinatua mahali pake. Nikakishusha makusudi, nikasema na "Aka!" Mzee akatikisa kichwa. Hapana, siyo yeye. Na kweli siyo yeye. Ni mimi nadanganya.

Nimemwambia mkono umechoka, ngoja nipumzike kidogo, ndiyo maana naandika hapa. Mkono haujachoka. Yeye ameketi kitandani kwa mtoto, anazikunja nguo moja moja, zimelowa, anazikunja hivyo hivyo. Haniangalii.

"Umepumzika?" anauliza.