Miwani Uliyonivalisha

Mpendwa mke wangu, Mama Nyaga,

Daktari amewaambia watoto mambo ambayo hawataki kuniambia, kwa hiyo najua siko mbali kukufuata huko ulikotangulia. Kabla hatujaonana lazima nikiri jambo moja: macho yangu hayakuwa na ugonjwa wowote.

Unakumbuka siku tulipopeleka mahari ya Ireri, mtoto wa mdogo wangu, kule karibu na Runyenjes? Ilikuwa miaka ya tisini, mimi bado mwalimu mkuu, na suti ya kahawia na heshima zangu zote. Wenyeji wakatuletea wanawake sita waliofunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni ili tumtambue bibi harusi. Tukikosea, tutoe mbuzi. Ireri akanisogelea. "Baba mkubwa, nisaidie," akaninong'oneza. Nikapita mbele yao kama ninayekagua gwaride, nikavuta leso ya tatu.

Hakuwa bibi harusi. Alikuwa shangazi yake kutoka Meru, mwanamke wa makamo mwenye mwanya na kicheko cha mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba nitakosea. Jua lilikuwa limempata shavuni. Sijui nikueleze vipi. Nilisimama na leso yake mkononi, nikamsahau Ireri, nikamsahau hata mbuzi.

"Mzee," akasema, "umeniona ya kutosha. Rudisha leso."

"Mwacheni!" mzee mmoja wa upande wao akapaza sauti. "Alikuja kumposea kijana, sasa anajiposea!"

Watu wote wakaangua kicheko. Wewe hukucheka. Tukirudi nyumbani ukaniuliza, "Baba Nyaga, kwani ulikuwa unaangalia nini pale?"

"Sikuona vizuri. Macho yameharibika siku hizi."

"Pole sana," ukasema. Upole ule ungenitia wasiwasi, lakini sikuwa mwerevu.

Jumatatu ukanipeleka kwa daktari wa macho mjini Embu. Mimi, mwalimu mkuu mzima, nikakaa kitini nikijifanya sioni herufi kubwa kama mlango. Ukazungumza naye kando. Wiki iliyofuata ukaenda peke yako kuchukua miwani: ya fremu nyeusi, nzito, mbaya kupita kiasi. Niliona vizuri nayo, nikadhani daktari ameniandikia nguvu kidogo tu. Nimeivaa zaidi ya miaka ishirini.

Kila Jumapili kabla ya kanisa ulisimama mlangoni. "Sasa unaniona?"

"Nakuona vizuri."

"Unaona nini?"

Mtu mwenye miwani hawezi kusema haoni. Mwanzoni nilibahatisha: kitambaa kipya, viatu vipya, na mara nyingi vilikuwa vya zamani. Baadaye nikaanza kuangalia kweli. Nikaona kidoti kilicho chini ya sikio lako, nilichokuwa nimelala kando yake tangu tuoane bila kukijua. Nikaona unavyouma mdomo ukitafuta wimbo kitabuni. Yule wa Meru nilimwona mara moja tu. Wewe, ambaye nilikula chakula chako kila siku, nilianza kukuona nikiwa na miaka hamsini. Hiyo ndiyo aibu yangu, si ile ya leso.

Mwezi jana, macho yalipoanza kufifia kweli, Wawira, mke wa Nyaga, aliipeleka miwani mjini ibadilishwe vioo. Akarudi ameduwaa.

"Baba, wanasema hii haina nguvu yoyote. Ni kioo tu, kama cha dirisha."

Nilicheka mpaka nikakohoa, Wawira akakimbilia dawa. Kumbe daktari alikuambia! Ulijua tangu siku ile, ukanifunga kifungo cha maisha, na kila Jumapili ukaja kumtembelea mfungwa wako.

Nyaga anataka nizikwe nimeivaa, eti kwa sababu Mama ndiye aliyeichagua. Nimekataa. Aitie kwenye mfuko wa koti, nitakurudishia mwenyewe. Nikikukuta umesimama mlangoni, niulize lile swali lako. Nitakujibu kwa macho yangu haya.

Mumeo na mfungwa wako,
Baba Nyaga