Mguu Nilioubana Mwenyewe

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
9 Juni.

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Huku hatujambo. Mama anakula vizuri na kugombeza vizuri vilevile, kwa hiyo ujue afya ipo.

Mimi nilikuwa na siri. Miezi saba unyayo wangu wa kulia umekuwa ukiwaka moto, kisha unakufa ganzi hadi vidoleni, nakanyaga pedali ya cherehani nisiisikie. Sikumwambia mtu. Unajua kwa nini: Baba alianza hivyohivyo, mwisho kisukari kikamkatisha mguu. Niliogopa sana, kaka. Nilikuwa najifungia nikilia, kisha natoka kupima wateja viuno.

Juma lililopita nilianguka na sare za watu mikononi, Mama akanikokota hospitali. Daktari, mwanamke mpole, alipima sukari kwanza. Iko sawa kabisa. Kisha akanigongagonga kwa kidole nyuma ya kifundo, upande wa ndani, nikasikia kama umeme mpaka kidole gumba. Akasema mshipa wa fahamu hupita hapo penye njia nyembamba, na wangu umebanwa. Wengine hubanwa na uvimbe, wengine na unyayo bapa, wengine na jeraha la zamani. Akaitazama alama iliyozunguka kifundo, akauliza, "Hapa huwa unafunga nini, dada?"

Nilikuwa nafunga kifundoni mpira mpana, ule wa viuno vya sketi, nilioushona mwenyewe nilipoteguka ngazini mwaka jana. Kila ganzi ilipozidi niliupunguza urefu kwa upana wa kidole, nikidhani umelegea. Fundi mzima. Mganga hajigangi, na Mama amecheka mpaka akakaa chini.

Sasa sifungi kitu, nakanyagia mguu wa kushoto, na ganzi inapungua polepole.

La mwisho, usikasirike. Wifi ameniambia nawe unachechemea, ukiulizwa unasingizia viatu. Huenda ni mshipa tu, huenda ni kisukari chenyewe. Mficha maradhi kilio humuumbua. Baba alificha miaka miwili, hata Mama hakujua, na alipofikishwa hospitali ilikuwa imebaki kukata tu. Mimi nilificha kwa kuogopa yasinipate ya Baba, kumbe nilikuwa namfuata. Nenda kapime kesho asubuhi, kabla ya kazi.

Wifi nisalimie, na watoto waambie shangazi anawakumbuka. Mungu akulinde, na miguu yako yote miwili.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Mdogo wako, Fundi